Mkono Begani kwa Baba

Somo la kwanza nililofundishwa katika darasa la kupiga picha lilikuwa jinsi ya kuficha kamera. Mwalimu alichukua mfuko mweusi wa plastiki, ule wa sokoni, akatumbukiza kamera ndani, akaifunika kwa fungu la mboga.

"Hivi ndiyo mimi natembea na yeye," akasema. "Hapa Juba ukitoa kamera barabarani bila karatasi ya ruhusa, mtu atakuja kukuuliza. Mwenye sare atauliza. Asiye na sare atauliza zaidi."

Tulikuwa wanafunzi wanane na kamera nne, katika chumba cha nyuma cha ukumbi mmoja Nyakuron, kila Jumamosi asubuhi. Mwalimu alikuwa Mganda mwenye studio yake Buluk, ambako siku nyingine zote alipiga picha za pasipoti na vitambulisho. Alisema amechoka kutafuta masikio mawili ya kila mteja, na kwamba siku moja kwa juma alitaka kuangalia kitu kingine. Kiarabu cha Juba kilimshinda, kwa hiyo alitufundisha kwa Kiswahili chake cha Kampala, ambacho husema jambo moja kwa moja bila kusumbuka na sarufi. Wengi wetu tulikuwa tumerudi kutoka uhamishoni, Uganda na Kenya, na tulimwelewa vizuri.

Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani. Wenzangu walitaka wakapige picha za harusi wapate riziki. Mimi ni karani wa shule, kazi yangu ninayo, na harusi za watu hunichosha hata nikiwa mwalikwa. Nilikuwa na haja ya picha moja tu. Siku ya kujiandikisha nilimwambia mwalimu kwamba nataka kumpiga mama yangu picha kabla hajafa. Akaacha kuandika.

"Yeye iko mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Amepita sabini na bado ananishinda kubeba ndoo ya maji. Ila hataki kupigwa picha, na mimi nimewahi kuzika mtu asiye na picha ya maana. Sirudii."

Niliyemzika ni baba. Alifariki tukiwa wakimbizi kaskazini mwa Uganda, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwetu jeneza halitoki bila picha ya marehemu. Mtu wa familia hutangulia mbele akiwa ameishika kifuani, uso wa picha ukitazama njia, ili hata mpita njia ajue anayekwenda ni nani. Siku ile baba mdogo alifungua sanduku la mama, akatoa picha iliyofungwa kwenye leso, akanitia mkononi na kuniambia nikimbie mjini ikakuzwe, maana jeneza lilikuwa linatoka saa nane.

Sikuwa nimewahi kuiona picha ile. Walikuwa watu saba au wanane mbele ya ukuta wa udongo, baba ameketi katikati, uso wake mdogo kama ukucha. Fundi wa studio aliniuliza, "Yupi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akachukua mkasi, akamkata baba pale pale, akaweka kipande kwenye mashine. Kisha akauliza, "Na sehemu hizi zilizobaki?" Nikamwambia atupe, hazina kazi, yeye afanye haraka.

Picha hiyo ndiyo iliyo ukutani kwetu, mtaa wa Juba Na Bari, mpaka leo. Kukuzwa hakukuisaidia. Baba anaonekana kama mtu aliyekaa nyuma ya moshi: macho mawili meusi, kivuli cha masharubu, kola ya shati. Na kwenye bega lake la kushoto kuna mkono. Ni mkono tu, vidole vinne na mwanzo wa kifundo, halafu picha inaishia hapo. Wageni wakiuliza, nilikuwa nasema ni wa baba mdogo. Sijui nani aliniambia hivyo. Nadhani nilijiambia mwenyewe siku moja nikaamini, na mama hakuwahi kunisahihisha.

Kwa hiyo mtu asishangae nikisema kwamba kukataa kwa mama kulinitia hasira. Simu ikiinuliwa tu, yeye anakumbuka jiko. Kanisani akina mama wakijipanga mbele ya madhabahu wapigwe picha ya pamoja, yeye anakwenda kutafuta mwavuli wake. Nimembembeleza, nimenuna, nimemnunulia gauni kwa ajili hiyo hiyo, na gauni amelivaa hadi limechakaa bila kupigwa nalo picha hata moja. Akibanwa sana husema, "Picha haina adabu," basi, mazungumzo yameisha. Nilidhani ni ushirikina wa wazee. Nilimwambia hivyo pia, tena kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumsemesha mama yake.

Darasani nako hakukuwa na watu wa kupiga. Kwa majuma manne tulipiga viti. Tulipiga jerikani la njano, ndoo, kamba ya nguo, kivuli cha dirisha sakafuni. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yetu na kikombe chake cha chai akituuliza mwanga unatoka wapi, swali ambalo mwanzoni lilinikera, maana mwanga Juba unatoka kila mahali na unachoma. Lakini baada ya kukaa na jerikani moja kwa saa nzima niliona kwamba upande mmoja lilikuwa la njano na upande mwingine karibu jeusi, na kwamba miaka yote nimelibeba bila kulijua. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilikaa nikaangalia mabati yetu, yale matobo ya misumari, na duara ndogo za jua zikitembea ukutani kuelekea kwa baba. Sikumwambia mtu. Ningeonekana nimeanza kurukwa na akili.

Juma la tano mwalimu alituruhusu watu, tukapigana picha sisi kwa sisi. Nilimpiga mwenzangu mmoja akinywa maji, nikaona nimefanya kazi safi. Mwalimu akaiangalia kwenye kioo cha kamera, akafunika uso wa yule dada kwa kidole gumba.

"Sasa niambie, nini iko kwa picha?"

Uso ulipofunikwa, sikujua picha ilikuwa na nini kingine. Ndipo nikaona kiwiko cha mtu aliyekatwa katikati, nusu ya mlango, na mguu wa kiti uliokuwa unatoka kwenye kichwa cha yule dada.

"Wewe naangalia uso tu," akasema. "Uso hapana kimbia. Anza na kona. Kona nne, zunguka yote, uliza kila kitu iko pale mlangoni: wewe naingia ama natoka? Ukimaliza, ndiyo uende kwa uso."

"Mwalimu, mtu atakuwa ameshaondoka."

"Akiondoka, umwombe arudi. Na kabla ya kupiga, omba. Hata kiti ya mtu, omba."

Nilibishana naye, maana kubishana ni ada yangu. Nilisema mtu akiombwa hukakamaa uso, uzuri wote unaisha. Akaniambia uzuri wa wizi hauna mwenyewe. Nikakunja mdomo, nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimeshaamua la kufanya.

Jumatano iliyofuata mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua kudra, mboga yetu inayoteleza kama mlenda, beseni likiwa mapajani. Ilikuwa zamu yangu kukaa na kamera. Saa mbili asubuhi jua huingia kwetu likiwa limelala, linapiga ukuta wa jirani kwanza, kisha linarudi taratibu usoni kwa aliyeketi mlangoni. Nilikuwa nimelichunguza kwa siku kadhaa. Nilikaa mbali kidogo na mfuko wangu mweusi. Mama alidhani nimeongeza mboga, akasema niilete. Nikasema naja. Alipoinamisha macho kwenye beseni nikatoa kamera, nikapiga tatu, nikairudisha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia vizuri sana, nikaliruka.

Picha ya pili ilikuwa nzuri. Nasema bila kujisifu, mwanga ulijileta wenyewe. Ilikuwa uso wake wote, karibu, umejaa kutoka ukingo hadi ukingo: mikunjo, jicho la kushoto ambalo limeanza kufifia, mdomo ambao huwa umefungwa kwa nguvu hapo ukiwa umelegea. Mwalimu aliiangalia muda mrefu.

"Yeye aliona wewe?"

"Hapana."

"Utamwambia?"

"Nitamwonyesha. Akiiona atafurahi."

Akanirudishia kamera. Darasa lilikuwa limepanga maonyesho madogo Jumapili baada ya ibada, pale pale ukumbini, na kila mwanafunzi atoe picha moja. Beseni la mama ni la rangi ya waridi na wekundu wake ulikuwa umeupaka uso wake wote kwa chini, kwa hiyo tuliamua kuichapa nyeusi na nyeupe, kubwa. Jumamosi baada ya darasa tulikwenda Buluk, akaichapa, na fundi wa fremu aliye jirani na studio akatutilia fremu nyeusi ya mbao iliyokuwa tayari. Sikujiuliza kwa nini fundi yule ana fremu nyeusi za ukubwa ule zimepangwa tayari ukutani. Nilikuwa na furaha, na nikifurahi siulizi.

Njiani kurudi nilinunua sukari kilo mbili na majani ya chai kwa ajili ya wageni wa kesho yake. Nikapanda boda boda, nikatundika mfuko wa sukari kwenye kiwiko. Fremu haikukaa vizuri mapajani, upepo uliisukuma, basi nikaigeuza, nikaikumbatia kifuani, kioo kikitazama nje. Dereva alikwenda polepole kuliko madereva wote niliowahi kupanda. Hakupiga honi hata mara moja. Nilimwona mwenye duka la kona akivua kofia, nikadhani ni joto. Mama mmoja anayeuza chai chini ya mwavuli alisimama akashika kichwa kwa mikono miwili. Vumbi lilikuwa limenijaa machoni, na machozi yananitiririka.

Mtu aliyelelewa kama mimi, aliyelia nyuma ya picha ya namna ile, alipaswa kujua. Sikujua. Nilikuwa naangalia uso tu.

Nyumbani mama hakuwapo, alikuwa kwenye maombi ya akina mama kanisani. Niliweka kiti uani mbele ya mlango, nikasimamisha picha juu yake nione inavyopokea mwanga wa mchana, nikaacha sukari chini ya kiti, nikaenda nyuma kuoga. Nilipokuwa najimwagia maji nikasikia mwanamke analia kwa sauti ndefu, ile inayoanzia juu na kushuka. Nikawaza, masikini, nani kafiwa? Nikaoga haraka ili nikamsaidie.

Nilipotoka, mkeka ulikuwa umetandikwa uani kwetu. Akina mama watano waliketi wakitazamana na kiti. Muuza chai alikuwa ameleta birika lake zima. Wanaume wawili walikuwa wanaingiza viti vya plastiki getini, na mmoja aliniuliza kwa upole kama maiti bado iko hospitali.

"Hapana aliyekufa," nikasema. "Mama yuko kanisani."

Wakatazamana. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye tumegombana naye kuhusu kuku wake zaidi ya mara mia, akainuka akanikumbatia, akawaambia wenzake waniache, uchungu umenipanda kichwani. Nikafoka kwamba ile ni kazi ya darasa. Nilivyozidi kufoka ndivyo alivyozidi kunikumbatia. Siwezi kumlaumu, ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Ndipo mama akaingia getini, Biblia kwapani na mwavuli mkononi.

Kilio kilikatika kama bomba lililofungwa. Muuza chai akajishika mdomo. Mama akatazama viti, akatazama mkeka, akatazama uso wake mwenyewe kwenye fremu nyeusi juu ya kiti. Alifunga mwavuli, akavua viatu, akaja akaketi kwenye mkeka pamoja na waombolezaji wake.

"Sukari naiona," akasema kwa Kiarabu. "Kama chai iko, tunywe."

Wakacheka hapo, kicheko cha hofu kwanza, kisha cha kweli, wengine wakimshika mikono kuhakikisha. Jirani wa kuku alilia upya. Nilimimina chai kwa watu wote, nikijiambia kwamba mambo yamepita. Lakini mama hakunitazama. Alikuwa akiitazama ile picha. Halafu akaniita karibu na kuanza kuzungumza Kiswahili, kile alichookota sokoni miaka ya uhamishoni. Mimi na yeye huongea Kiarabu cha Juba siku zote. Kiswahili hukitoa akitaka kunisema mbele ya majirani bila majirani kujua.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna, mama."

"Uliniona nafanya kazi, ukaniibia."

"Nilitaka picha yako nzuri. Sikutaka uje uwe kama baba, moshi mtupu. Nilitaka..."

"Kalas," akasema. Inatosha. "Sikiliza. Mara ya kwanza uliponikata nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa mtoto na baba yako alikuwa ndani ya jeneza. Leo wewe ni mama mzima na umenikata tena. Mikono yangu iko wapi hapa? Kudra iko wapi? Mlango wangu uko wapi?"

"Mara ya kwanza lini?"

Akanyoosha kidole kupitia mlango uliokuwa wazi, hadi ukutani, kwa baba.

"Ule mkono ni wa nani?"

Nilifungua mdomo niseme wa baba mdogo.

"Ni wangu," mama akasema. "Nilisimama nyuma yake. Ni siku uliyobatizwa wewe, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu, umelala. Ndiyo picha moja tu tuliyopiga mimi na yeye. Nilikuja kuiuliza kwa baba yako mdogo baada ya mazishi. Akaniambia mtoto alisema zilizobaki hazina kazi."

Alisema bila kupandisha sauti. Akina mama walikuwa wakinywa chai kandokando yetu, wakidhani nagombezwa juu ya fremu. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada. Nilimkumbuka fundi na mkasi wake, kipande kikianguka mezani, na mimi nikitazama mlango ili niwahi saa nane. Mama yangu alikuwa juu ya meza ile, na mimi mgongoni kwake, na sikuinama kutuangalia. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo kile na kuona mkono wake mwenyewe, na kunisikia nikiwaambia wageni ni wa mtu mwingine.

Niliomba msamaha. Niliomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, nikapiga magoti kwenye mkeka, na majirani wakaona ni adabu njema. Mama aliniwekea kiganja kichwani kwa muda mfupi, akakiondoa, akaomba aongezewe sukari.

Usiku huo nililala vibaya. Asubuhi niliichukua ile picha nikaigeuza uso ukutani, nikamwambia mama kwamba sitaipeleka ukumbini, nitasema imeharibika. Alikuwa anajiandaa kwenda kanisani, amefunga lawa yake mpya, kile kitambaa cha begani cha kijani.

"Kamera iko?"

"Iko."

"Ilete. Lakini mimi ndiye nitakayesema nani anaingia."

Akaingia ndani, akamshusha baba ukutani, akampangusa kwa pindo la lawa. Akamsimamisha kwenye kiti kile kile uani, naye akasimama nyuma yake. Akampigia kelele jirani aje na kuku wake. Akamwita muuza chai, aliyekuwa anapita na makaa. Wakaja wakicheka, wakijifunika midomo, wakasimama huku na huku. Mama akainua mkono wake wa kulia, akautazama kama anaukumbuka, akaushusha kwenye fremu, juu ya bega la kushoto la baba, pale pale ulipokuwa mwingine. Ule wa kwenye picha ulikuwa na ngozi laini. Wa sasa una mishipa.

Nilianza na uso wake, kwa mazoea, nikajizuia. Nikaenda kwenye kona. Kona ya juu ilikuwa inakata kilemba cha muuza chai, nikarudi hatua moja. Ya chini ilikuwa inakata miguu ya mama, nikarudi nyingine, hadi mgongo ukagusa ukuta wa choo. Nikazunguka zote nne. Niliona mlango, beseni la waridi, mkia wa kuku, mikono yote.

"Naomba kupiga, mama," nikasema.

"Tumeingia sote?"

Nilikuwa nalia, na kioo cha kamera kilikuwa kimejaa ukungu, ikabidi nikifute kwa blauzi, niangalie tena kutoka kona ya kwanza.

"Mmeingia wote."

"Na wewe?" akauliza. "Siku ile ulikuwa mgongoni."

Nikapiga moja, kisha nikampa muuza chai kamera, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, nikaenda nikasimama nyuma ya mama yangu.